Vitabu Saba vya Nesi

Sisi wote tulimwita Nesi, hata baada ya kustaafu, hata wazee waliomzidi umri. Jina lake halisi lilikuwepo kwenye karatasi za serikali, lakini sijawahi kumsikia mtu akilitumia. Ukisema "naenda kwa Nesi", kuanzia Endasak hadi Nangwa hakuna aliyekuuliza nesi yupi, ingawa zahanati ilipata manesi wengine kabla yake na baada yake, na baadhi yao walikuwa wapole kuliko yeye.

Maana mpole hakuwa. Nianze na hilo, kwa sababu mtu akishapendwa na wengi, watu humsafisha mpaka anabaki hana sura. Nesi alifoka. Alimfokea mwanamke aliyechelewa kliniki, akamfokea mume aliyemchelewesha, na kama wote wawili hawakuwa na kosa alimgeukia mwenye bodaboda na kumuuliza kama abiria wake ni mjamzito au gunia la viazi. Mama mkwe aliyejipenyeza chumba cha kujifungulia ili atoe maelekezo alitolewa nje kwa kiwiko. "Humu ndani mwenye sauti ni mmoja tu," alisema, "na leo si wewe wala si mimi."

Ila mtoto akishatoka, Nesi alinyamaza kabisa. Wanawake wengi wamenieleza jambo hilo, na wote wanalieleza kwa mshangao uleule. Alimfuta mtoto, akakata kitovu, bila neno, na kama kulikuwa na mwingine chumbani alimwashiria afunge mdomo. Alikuwa anasikiliza. Alisubiri neno la kwanza atakalosema mama. Kazi ikiisha alinawa mikono, akafungua kauntabuku lake mwenyewe, si ile rejista ya serikali, akaandika tarehe, saa, kama kulikuwa na mvua au upepo, mtoto alitanguliza nini, na chini yake maneno yale ya mama, kama yalivyosemwa na kwa lugha yaliyosemwa. Alielewa Kiiraqw, Kibarbaig na Kiswahili, kwa hiyo halikumpita neno.

Vikajaa vitabu saba. Vitabu hivyo havipo tena, na sababu ni mimi.

Nilimuuliza siku moja kwa nini neno la kwanza, na si uzito au jina. Alinitazama kama mwanafunzi aliyeuliza swali la darasa la chini.

"Kwa sababu baada ya hapo wanaanza kusema wanachotakiwa kusema."

Bila kutaja nyumba ya mtu alikuwa tayari kukupa mfano. Kuna mama aliyeuliza, "Ng'ombe wamerudi?" Kuna aliyesema, "Ana vidole vyote?" na alipoambiwa anavyo akataka avihesabu mwenyewe. Mmoja alisema, "Mrudishe." Mwingine alimwita mama yake aliyekwisha kufa, akamwita mara mbili, kama mtu anayeita ng'ambo ya korongo. Mwingine hakusema kitu, alicheka tu, na Nesi akaandika: Amecheka.

Kulikuwa na sharti. Hakumsomea mtu maneno ya mama yake mpaka mtu huyo amletee mtoto wake wa kwanza. Hata mwalimu mkuu alijaribu, hata diwani mmoja alijaribu, wakarudishwa. "Huwezi kuyaelewa kabla hujamshika wa kwako," aliwaambia. Basi ikawa desturi ya upande wetu. Watu walifunga safari na kichanga mgongoni, wanamsalimia Nesi, wanakaa, anachukua kitabu, anasoma. Nimeona mtu mzima, dereva wa lori, akitoka mlangoni kwake na kukaa chini kwenye majani.

Mimi nilikuwa kitabu cha nne. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la pili, na nilichobaki nacho ni vipande: jinsi alivyovunja kuni kwa goti, kitenge chenye maua ya manjano, sauti ya kikohozi upande wa pili wa ukuta. Picha yake haipo. Maneno yake sikumbuki hata moja, ila kuitwa. Kwa hiyo yale aliyoyasema siku niliyozaliwa ndiyo yalikuwa maneno yake pekee yaliyohifadhiwa mahali popote hapa duniani.

"Ya mama yako yalichukua mistari mitatu," Nesi aliwahi kuniambia. "Wengi husema neno moja, mawili. Yeye alitoa mistari mitatu."

Sikujua kama ile ni sifa au lawama, na uso wake haukunisaidia. Niliibeba mistari hiyo mitatu kwa miaka, nikiijaza mwenyewe kwa maneno ya kila aina. Nikifurahi niliijaza kwa baraka, nikikwama maishani niliijaza kwa laana.

Usidhani kwamba alikuwa mtakatifu. Alihubiri usafi wa mapafu kwa wajawazito huku kopo la ugoro likiwa ndani ya soksi yake. Tulilijua sote. Alikuwa anainama kana kwamba anafunga kamba ya kiatu, anasimama macho yamejaa machozi, kisha anaendelea kufundisha. Aliwakemea wakunga wa jadi mbele ya mganga mkuu, lakini kondo la nyuma hakuliacha litupwe shimoni kama maelekezo yalivyosema, iwapo bibi wa mtoto alitaka lizikwe nyumbani. Alilifunga mwenyewe vizuri, akalitoa kwa mlango wa nyuma. Siri ya ugonjwa wa mtu ungeweza kumchoma moto asiitoe, ila habari za nani kauza ng'ombe mnadani na kwa nini alizitangaza kuanzia Jumatatu. Na alichukia kushukuriwa. Ukimpelekea kuku kwa kumshukuru alikuuliza kuku huyo amekosa nini. Lakini ole wako umpite njiani bila shikamoo.

"Mficha uchi hazai," ndiyo methali aliyoitumia kuliko zote, na kwake haikuwa methali, ilikuwa amri ya kazi. Ya pili ni ile iliyobandikwa ukutani zahanati zote, kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Naona haya kuandika hiyo ya pili, kwa mambo yanayofuata.

Mimi nina steshenari Katesh, hatua chache kutoka stendi: fotokopi, picha za pasipoti, kuchapa barua, kuwajazia watu maombi ya mtandaoni. Nesi alikuja na kitabu cha pili ndani ya mfuko wa nailoni. Mchwa walikuwa wameingia kabatini wakala pembe yote ya chini, na pale chini ndipo maneno ya akina mama yalipokuwa. Aliniwekea mezani, akasema, "Tazama." Hakuwa amekuja kuomba msaada. Mimi ndiye niliyeongea.

Nilimwambia vitabu vyote vinaingia kwenye kompyuta na nafasi inabaki. Nikamwambia mchwa hawali kompyuta. Nilikuwa kijana mwenye duka jipya na nilipenda sana kusikia sauti yangu ikieleza mambo hayo.

"Ikifa?" aliuliza.

"Haifi, Nesi. Na hata ikifa, vitu vyake havifi."

Alifikiri. Kisha akatoa masharti: ataandika mwenyewe, hakuna atakayemsaidia kusoma, na mimi nitakaa nimegeukia ukuta. Basi kwa karibu miaka miwili, kila Alhamisi, Nesi alishuka Katesh na mfuko wake, akakaa kwenye kompyuta ya ndani, akabonyeza herufi moja moja kwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Kidole kile kilikuwa kikubwa kuliko kitufe. Herufi ikimkataa aliikaripia: "Toka, toka, usiogope," na wateja waliosubiri fotokopi walikuwa wanacheka mpaka wanashika meza. Alikuwa akifika mahali fulani ananyamaza muda mrefu, na mimi nikiwa nimeutazama ukuta nilijua amekutana na mtu aliyekufa. Hakuwahi kusema nani.

Nilimwambia tuweke neno la siri ili faili lisifunguliwe na mtu mwingine.

"La nini? Si nimekuambia usisome?"

"Umeniambia."

"Basi."

Nakuapia sikusoma. Faili lilikaa kwenye mashine yangu usiku na mchana, jina lake VITABU, na ningetafuta kwa tarehe yangu ya kuzaliwa ingekuwa kazi ya pumzi moja. Mara nyingi niliweka mshale juu yake. Sikulifungua. Kati ya yote aliyoniamini kwayo hilo moja nililitimiza, na ndilo ninalolijutia kuliko mengine. Laiti ningekuwa mwizi, leo ningekuwa na mama yangu mistari mitatu.

Alipomaliza kitabu cha saba, alisema sasa vitabu vya karatasi vichomwe. Nilishangaa kidogo. Akanieleza kwamba kila anapopita mnadani anaona karanga zimefungwa kwenye karatasi za madaftari ya marehemu, daftari la mwalimu fulani, la karani fulani. Wajukuu hawajui, wanauza kwa kilo. "Mna nyumba za watu humu," alisema. "Kuna baba zaidi ya mmoja kwenye ukurasa mmoja. Sitaki mtu ale karanga asome."

Tulivichomea kwenye shimo la zahanati, saa nne asubuhi, na mafuta ya taa niliyanunua mimi. Kabla ya kiberiti alinigeukia.

"Hakika?"

"Hakika, Nesi."

Nikavimwagia mafuta.

Nilimpa flashi yenye nakala yake. Nilimweleza aitunze vizuri, pakavu, mbali na watoto. Na nakala ya tatu niliiweka kwenye diski ya kuchomeka niliyokuwa nimeinunua. Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa nzuri: dukani, nyumbani kwa Nesi, na kwenye diski. Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa kusifiwa.

Sasa steshenari haili kwa fotokopi peke yake. Vijana wa bodaboda wanataka nyimbo kwenye memori kadi, wachungaji wa ng'ombe wanataka redio zao ndogo zijazwe muziki, kila mtu anataka muvi zilizotafsiriwa. Vyote hivyo nilivitunza, vichache kwenye kompyuta, vingi kwenye ile diski. Ikajaa. Siku moja mteja kasimama, foleni nyuma yake, mashine inaniambia hakuna nafasi. Nikaangalia cha kufuta. Muvi zilikuwa zinaleta wateja. Folda ya Nesi haikuleta mtu. Nikaifuta, kwa muda tu, nikijiambia jioni nitairudisha mahali pengine. Jioni hiyo sikuirudisha, wala jioni nyingine yoyote.

Kwa wakati huohuo binti yangu alizaliwa. Sasa nilikuwa na haki ya kusomewa. Nesi alinitumia salamu kwa mtu wa kwanza aliyeshuka: "Mlete." Kutoka Katesh hadi kwake Endasak si safari, bodaboda inakufikisha kabla hujapanga utakachosema. Nilisema wiki ijayo. Halafu mvua, halafu matope, halafu msimu wa maombi ya vyuo, duka limejaa. Miezi minane mizima mtoto alikuwepo, faili lilikuwepo, Nesi alikuwepo na macho yake yote mawili, na mimi nilikuwa na shughuli.

Kisha siku moja umeme ulikatika mchana, ukarudi kwa nguvu, ukakatika tena. Kifaa cha kulinda mashine nilikuwa nimekitoa ili nichomekee friji ya soda. Kompyuta ilipowashwa ilitoa sauti ya kugonga, kama mtu anayegonga mlango kwa ukucha, na kwenye kioo hapakuja kitu. Nilizima nikawasha. Niliwasha mara nyingi sana, na baadaye fundi aliniambia kwamba kila nilipowasha nilikuwa nazidi kuikwangua. Kumbe kitu cha kufanya kilikuwa kutofanya kitu.

Sikuogopa sana siku ile, kwa kuwa flashi ilikuwepo. Nilipanda Endasak, nikamwambia Nesi nataka kuiangalia kama ni nzima. Sikumwambia kwa nini. Akaniongoza stoo, akafungua pipa la mahindi, akakunja mkono wa sweta na kuzamisha mkono wote hadi begani. Hapo ndipo kila familia yetu huweka cha thamani, hati ya shamba na pesa za ada, katikati ya nafaka, mahali ambapo mwizi atachoka kuchimba.

"Akiba haiozi," alisema akitoa kitambaa kilichofungwa fundo.

Juu ya mahindi nikaona vile vifuko vidogo vya vidonge vya dumuzi. Pipa likifunikwa vidonge vinatoa hewa yake, na hewa hiyo inaua kila mdudu. Nesi alivijua vizuri, alishawahi kuhudumia watu waliovimeza. Asichokijua yeye, na nisichokijua mimi mwenye cheti cha kompyuta, ni kwamba hewa ile inakula shaba. Nilipofungua kitambaa, chuma cha flashi kilikuwa kimeingia weusi na ukijani. Niliichomeka kwenye kila mashine niliyoweza kuomba pale mjini. Haikuwaka.

Diski ya kompyuta niliipeleka Arusha kwa fundi anayesifika kwa kufufua. Ilikaa kwake wiki tatu. Alinirudishia vingi, na nakumbuka alivyofurahi kuniambia: picha zote za pasipoti zimerudi, barua za maombi zimerudi, muvi zimerudi, hata nyimbo za harusi. Faili la VITABU nalo lilikuwepo, na jina lake. Nililifungua palepale dukani kwake. Safari hiyo sikugeukia ukuta. Zilikuwa kurasa na kurasa za viboksi vitupu na alama za kuuliza, na katikati yake, mara chache, neno lililosalimika: mvua, saa kumi, mvulana, maji. Nilisoma yote hadi mwisho. Ilinichukua siku mbili, na sikuweza kujua neno lipi lilikuwa la nani.

Siku hizi nina nakala tatu za kila kitu, moja ikiwa kwa shemeji yangu Babati, na kila Ijumaa nazifungua zote kuhakikisha zinafunguka, maana nakala usiyoifungua huna. Wateja wananiita Kopi Tatu. Mtu akileta utafiti wake nichape, namsumbua mpaka anakasirika. Majuto ni mjukuu, wamesema waliotangulia, na wangu amekua, anatembea, ananijibu.

Nesi sikumwambia. Mwaka mzima na zaidi sikumwambia. Na yeye hakuacha kunitumia watu: "Nenda kwa yule kijana Katesh, akufungulie, unipigie simu nisikilize akisoma." Walikuja na watoto wao mgongoni. Niliwaambia hakuna wino. Niliwaambia programu inasasishwa, neno ambalo nao walilipokea kwa heshima.

Alikuja mama mmoja wa Kibarbaig, kutoka uwandani huko, kwa miguu. Mwanaye wa kwanza alizaliwa mikononi mwa Nesi na amekufa akiwa kijana, kwa homa. Siku ya kujifungua alitokwa na damu nyingi, hakumbuki chochote. Nesi alikuwa ameivunja sheria yake kwa ajili yake, akamwambia aende akasomewe alichosema yeye mwenyewe mwanaye alipotokea.

"Nataka kujua nilimpokeaje," aliniambia.

Nilimwambia umeme hakuna. Alirudi wiki iliyofuata, nikamwambia vilevile. Mara ya tatu aliinua macho, akaitazama taa iliyokuwa inawaka juu ya kichwa changu, akasema asante, akaondoka. Hakurudi. Katika uongo wote nilioupanga dukani kwangu, huo ndio nisioweza kuusimulia nikiwa nimekaa.

Baada ya yule mama nilijilazimisha. Nilipanda Endasak Jumapili baada ya ibada, nimemfunga binti yangu kifuani kwa kitenge. Mke wangu alibaki Katesh na wageni wa kwao. Nesi alikuwa amekaa nje juani akichambua maharage. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, alichambua kwa vidole.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba. Umekuja na nani?"

"Na binti yangu."

"Ndiyo unamleta leo. Mlete hapa."

Alimpapasa kichwa, mabega, magoti. Mtoto akamshika kidole kile kikubwa. Nikaanza kusema, na nikasema yote bila kuruka: diski, muvi, flashi, fundi, taa juu ya kichwa changu. Aliendelea na maharage yake. Nilipomaliza, alipuliza makapi.

"Nilijua siku ile ulipochukua kile kidude. Ulipoaga uliniita Mama. Hujawahi kuniita Mama."

"Kama ulijua, Nesi, mbona uliendelea kunitumia watu?"

"Nilitaka uchoke kudanganya." Akageuza ungo. "Nilidhani utachoka mapema."

Ningeomba anifokee. Alikuwa amemfokea kila mtu wilaya hii isipokuwa mimi siku hiyo. Nikamuuliza lililonipeleka, nikalisema vibaya, kwa haraka: mistari mitatu ya mama yangu, anakumbuka nini.

Aliacha kuchambua, na nikaona kweli anatafuta.

"Kalamu ya bluu iliisha wino mstari wa pili. Nikamalizia na nyekundu. Hilo naliona hadi leo. Maneno siyaoni."

"Hata kidogo?"

"Niliandika ili nisahau, mwanangu. Kichwa cha mtu mmoja kingebebaje wote wale?"

"Basi sema lolote," nilimwambia. "Lolote linalofanana. Nitalipokea."

"Nikisema lolote litakuwa langu. Utakwenda nalo nyumbani unadhani ni mama yako anaongea. Hapana."

Nililia. Mimi mwanaume mwenye mtoto kifuani nililia, na Nesi aliniacha nilie, kama alivyokuwa akiwaacha wanawake. Kisha akauliza, kwa sauti yake ya kazini:

"Na huyu? Mama yake alisemaje?"

Sikujua. Siku aliyozaliwa ilikuwa siku ya mnada, watu wamejaa dukani na memori kadi zao, nikasema nitafunga mapema, sikufunga. Nilifika kituo cha afya jioni, mtoto ameshavishwa kofia. Niliuliza kilo. Mimi niliyeililia mistari mitatu maisha yangu yote, kwa mke wangu mwenyewe sikuwahi kuuliza.

"Simu unayo?" alisema Nesi.

Nilimwachia mtoto, nikaenda hadi kwenye uzio, nikampigia mke wangu. Kwanza alicheka, akadhani natania. Halafu nikamsikia akiwaambia wageni wamsubiri kidogo. Kisha akaniambia, taratibu, bila hasira yoyote.

Nilirudi nikakaa.

"Anakumbuka?"

"Anakumbuka."

"Basi andika hapahapa. Na usilipambe."

Karatasi sikuwa nayo, ila kadi ya kliniki ya mtoto ilikuwa kwenye mfuko wa koti. Niliiweka juu ya goti. Nikaandika tarehe yake, nikaandika saa, nikaandika kwamba kulikuwa na upepo, na chini yake, kama alivyosema mke wangu: Baba yake yuko wapi?